Rekodi ya skrini inakatakata kwenye laptopu? Soma namba tatu kabla hujavunja kibubu

#1 · Mwalimu wa Kamalondo

Ndugu zangu wa L'shi, yaani Lubumbashi yetu ya Kongo, na wa kwingine, habari za jioni. Jambo hili limenisumbua miezi mitatu, juzi nimelimaliza, na nimeona nisilale nalo peke yangu. Wengi wetu tunarekodi kwa mashini za mtumba zinazopitia mpakani Kasumbalesa, na wengi tunaambiwa dawa ni kununua nyingine.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Narekodi masomo kwa vijana wa sita wanaojiandaa kwa Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Nafungua GeoGebra, programu ya kuchora hesabu, nachora mkunjo, naweka nukta juu yake na tanjenti, ule mstari ulionyooka unaougusa mkunjo hapo, kisha naivuta nukta polepole. Somo lote limo kwenye huo mwendo. Kijana akiiona tanjenti inapungua mwinamo hadi inalala kabisa pale mkunjo unapofika kileleni, ameelewa derivé, yaani mwinamo wa mkunjo mahali fulani, kuliko nikimwandikia kurasa tatu. Sasa rekodi ikikatakata, nukta inaruka kutoka hapa hadi pale, na ule wakati wa kulala ndio unaoliwa. Wanafunzi wangu waliniandikia: mwalimu, tunakusikia lakini hatuoni.

Mashini yangu ina i5-6200U, prosesa ya mwaka 2015 yenye viini viwili. Chipu ya picha ni HD 520 iliyomo humo humo ndani ya prosesa, ramu ni GB 8, skrini ni 1920 kwa 1080. Narekodi kwa OBS Studio, ambayo ni ya bure. Nilikuwa nimeweka fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde nikiamini nyingi ndiyo nzuri. Nilichopata ukikitazama kwa jicho ni kama fremu 10 au 12. Duka moja mjini liliniambia mashini imechoka, nitafute ya dola 650. Nikaanza kuweka pembeni kidogo kidogo.

Kabla sijanunua nikamwonyesha fundi mmoja wa Bel-Air, ambaye yumo humu na namwomba aongee. Hakuigusa mashini. Aliniuliza tu: "Takwimu zinasema nini?" Sikujua kama kuna takwimu. Kumbe kwenye menyu ya OBS, sehemu ya kuangalia paneli, kuna dirisha dogo la takwimu, na ndani yake kuna mistari mitatu inayosema fremu zako zinafia wapi.

Wa kwanza ni fremu zilizokosekana wakati wa kuchora. Hapo chipu ya picha imeshindwa kuipanga picha kwa wakati. Wa pili ni fremu zilizorukwa wakati wa kusimba: picha ilikuwa tayari, lakini aliyetakiwa kuibana iwe video hakuwahi. Wa tatu ni fremu zilizodondoka mtandaoni. Huu unawahusu wanaorusha moja kwa moja. Ukirekodi kwenye diski tu, unabaki sifuri siku zote.

Nilirekodi dakika tano. Kuchora: 1%. Kusimba: 71%. Sikuamini macho yangu. Nilikuwa nimelaumu skrini, nimelaumu GeoGebra, nimelaumu diski, kumbe mgonjwa ni mmoja tu.

Sababu yake ni hii. OBS yangu ilikuwa inasimba kwa x264, yaani kwa nguvu ya prosesa yenyewe. Kwa fremu 60, kila fremu ina milisekunde 16.7 tu iwe imekamilika. Kwa fremu 30 inapata milisekunde 33.3. Kila fremu ya 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600. Ile ya 1280 kwa 720 ina nukta 921,600, kazi ndogo kwa zaidi ya mara mbili. Viini viwili vilivyokwisha kubeba GeoGebra na Windows havina pa kuitoa hiyo nguvu.

Nilibadilisha vitu vitatu, kimoja kimoja, nikipima kila mara. Enkoda, yaani kile kinachosimba, nikaitoa kwenye x264 nikaiweka QuickSync. Hiyo ni sehemu maalumu ya kusimba video ambayo Intel wamekuwa wakiiweka ndani ya prosesa zao nyingi tangu 2011, na haigombanii viini na programu zako. Kwa badiliko hilo peke yake, 71% ilishuka hadi 9%. Kisha fremu 60 nikazifanya 30: 0.4%. Kisha picha inayotoka nikaishusha hadi 1280 kwa 720: 0.0%.

Hiyo 720 sikuifanya kwa ajili ya mashini tu. Wanafunzi wangu wanatazama kwenye simu, kwa mega walizonunua kwa shida. Hawahitaji 1080.

Nikadhani nimemaliza. Sikuwa nimemaliza, ila nitaeleza baadaye, kwanza nataka kusikia wengine.

#2 · Kijana wa Ruashi

Mwalimu, aksanti sana. Ila mimi nimefungua mipangilio, sioni QuickSync. Naona x264 peke yake. Prosesa yangu ni i3 ya kizazi cha saba. Ina maana yangu haina?

#3 · Mwalimu wa Kamalondo

Inayo, mdogo wangu. Angalia mambo mawili. Kwanza, kwenye mipangilio ya kutoa video badili hali rahisi iwe ya juu, kisha nenda upande wa kurekodi, siyo wa kurusha. Mara nyingi enkoda imejificha hapo.

Pili, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uende kwenye utendaji, uone kama chipu ya picha inatajwa kwa jina lake. Wanaouza mtumba wanapiga Windows upya bila kuweka draiva, ile programu ndogo inayoiwezesha Windows kuitumia chipu. Windows ikikosa draiva inatumia ile ya kushikilia tu, inaitwa Microsoft Basic Display Adapter. Picha unaiona, lakini QuickSync haipo na hata kusogeza dirisha kunatoa jasho. Weka draiva ya Intel inayolingana na prosesa yako, uwashe upya.

#4 · Kijana wa Ruashi

Ni kweli kabisa! Imeandikwa Basic Display Adapter. Miezi yote hii, mwalimu. Ngoja nitafute mega nipakue.

#5 · Fundi wa Bel-Air

Nimeitwa, nimekuja. Mwalimu ameeleza vizuri, na namshukuru hakunitaja jina.

Niongeze kitu ninachokiona mezani kila wiki. Mtu anarekebisha mipangilio yote, dakika kumi za kwanza rekodi ni maji yanayotiririka, halafu inaanza kukatakata tena. Akizima mashini, akarudi kesho, dakika kumi nzuri, halafu kule kule. Hapo usiguse mipangilio tena. Hilo ni joto.

Prosesa ikifika karibu nyuzi 100 inajipunguza yenyewe ili isiungue. Ile ya mwalimu inaweza kupanda hadi 2.8 GHz. Ikibanwa na joto utaiona imeshuka chini ya 1, na chipu ya picha iliyomo ndani yake inashuka nayo. Kwenye lile dirisha la Ctrl, Shift na Esc, mwendo wa prosesa umeandikwa pale. Rekodi huku umelifungua. Fremu zikianza kukosekana wakati mwendo umeporomoka, umempata mwizi.

Na hapa kwetu sababu yake inajulikana. Kuanzia Mei hadi Septemba hakuna mvua, barabara za mitaa ni udongo mwekundu, watu wanachoma majani, upepo wa Julai unaleta vyote ndani ya nyumba. Feni ya laptopu inavuta. Mwaka wa kwanza huoni kitu. Mwaka wa tatu njia ya hewa imezibwa. Halafu inakuja Oktoba na joto lake, na wote mnakuja kwangu siku moja.

#6 · Mwalimu wa Kamalondo

Sasa nieleze sehemu ya pili, kwa sababu ndiyo iliyonigusa zaidi.

Baada ya QuickSync nilirekodi somo zima la dakika 40. Mwanzo safi. Dakika ya kumi na mbili nukta ikaanza kuruka. Nikafungua takwimu: kusimba 0.0%, lakini kuchora 18%. Ugonjwa umehama. Joto lilikuwa nyuzi 97, mwendo 0.8 GHz.

Tuliifungua mezani kwa fundi. Alichukua karatasi nyeupe, akachora umbo la laptopu, kila skrubu aliyoitoa akaiweka juu ya mchoro mahali pake, kwa sababu urefu wake haufanani na ukikosea moja ndefu inaweza kutoboa bodi. Alipotoa feni nikatarajia kuona vumbi. Halikuwa vumbi. Kati ya feni na zile sahani nyembamba za shaba palikuwa na kitambaa. Kweli, kama kipande cha blanketi, rangi ya udongo wa njia yetu, kimeshikana na nyuzi za nguo na nywele. Alikishika pembe kwa kibanio akakivuta, kikatoka chote kwa pamoja, urefu wa kidole changu. Nyuma yake ndipo sahani zikaonekana, zinang'aa kama mpya. Ile shaba ilikuwa haijapata hewa sijui tangu lini.

Aliishika feni kwa kijiti cha meno isizunguke, ndipo akapuliza. Akafuta ile pesti ya zamani ya kupitisha joto juu ya prosesa, iliyokuwa imekauka kama chokaa, kwa alikoli na kitambaa, akaweka nyingine kiasi cha punje ya mchele. Saa moja na nusu kazi yote.

Nikarudia somo lile lile, dakika 40. Joto la juu kabisa nyuzi 76. Mwendo haukushuka chini ya 2.5. Kuchora 0.1%, kusimba 0.0%. Nilimlipa fundi dola 10. Zile nilizokuwa nimezitenga kwa ajili ya mashini nyingine, nimenunua maikrofoni.

#7 · Fundi wa Bel-Air

Hicho kijiti cha meno watu wakisikie vizuri. Ukipuliza feni ikazunguka bure kwa kasi, unaweza kuua beringi zake, na injini ndogo ile inaweza kurudisha umeme kwenye bodi. Shika kwanza, puliza baadaye.

Na usipulize kwa mdomo. Mdomo una mate.

#8 · Studio ya Kenya

Salamu wakubwa. Mimi niko Kenya, ile komuni ya hapa hapa L'shi, siyo nchi, karibu na soko, tunafanya video za harusi na za wanamuziki, na pia narekodi michezo ya mpira kwenye kompyuta kwa ajili ya vijana wa mtaa. Ugonjwa wangu haumo kwenye namba zenu. Takwimu zangu zote ni 0.0%. Nikitazama faili yenyewe, safi. Nikiiingiza kwenye programu ya kuhariri, nikaitoa, inakatakata. Siyo sana. Kama mtu anayechechemea.

#9 · Mwalimu wa Kamalondo

Kaka, mradi wako wa kuhariri umeuweka fremu ngapi?

#10 · Studio ya Kenya

25. Kamera zetu zote ni 25, ndivyo tulivyofundishwa.

#11 · Fundi wa Bel-Air

Basi ndiyo hiyo. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo kamera huku zinawekwa 25 au 50 ili taa zisipigepige kwenye picha. Kwa kamera ni sawa kabisa. Lakini OBS yako inarekodi 30. Ukiimwaga 30 ndani ya mradi wa 25, programu inalazimika kutupa fremu moja katika kila sita. Jicho linaona ule mguu mfupi mara tano kila sekunde. Ndiyo kuchechemea kwako.

Chagua. Kama video yote ni ya skrini, mradi uwe 30 kama rekodi. Kama unachanganya na kamera, iambie OBS irekodi 25. Inaruhusu, unaandika namba mwenyewe.

#12 · Studio ya Kenya

Nimebadilisha mradi kuwa 30 sasa hivi na kuutoa tena. Mguu umepona, fundi! Miaka miwili wateja walikuwa wananiuliza, nami nawajibu ni simu yao.

Na la mchezo? Pale namba ya kuchora inafika 22% nikiwa ndani ya mechi, ingawa mashini yangu ina kadi ya picha ya NVIDIA na nasimba kwa NVENC, sehemu ya kusimba iliyomo kwenye kadi hiyo.

#13 · Fundi wa Bel-Air

Mchezo wako umefungiwa fremu ngapi?

#14 · Studio ya Kenya

Haujafungiwa. Naona namba inacheza 90, 110.

#15 · Fundi wa Bel-Air

Ufungie 60. Mchezo usiofungiwa unakula kadi yote hadi 100%. OBS nayo inahitaji kipande kidogo cha kadi hiyo hiyo ili kuipanga picha kabla ya kuisimba, na ikikosa, fremu inapotea kwenye kuchora. NVENC haikusaidii hapo, kwa sababu NVENC inakuja baada ya kuchora. Watu wengi wanachanganya hapa, wanabadilisha enkoda mara kumi wakati mgonjwa yuko mlango wa nyuma. Pia ifungue OBS kwa haki za msimamizi, Windows itaipa zamu yake hata kadi ikiwa imejaa. Na chanzo kiwe cha kukamata mchezo, siyo skrini nzima.

#16 · Mama wa Vitenge

Wanangu, mimi ni mshonaji, Katuba. Nawafundisha wasichana kuchora patroni kwenye laptopu, narekodi ninavyochora. Mambo yenu ya milisekunde nimeyasoma polepole na nimeyaelewa, ubarikiwe mwalimu. Shida yangu ni delestaji, mgao wa umeme. Umeme ukikatika na betri yangu imekufa, rekodi yote inapotea. Faili ipo lakini haifunguki. Wiki jana nimepoteza saa moja na dakika ishirini, patroni ya koti zima. Na nikirekodi kwa betri kwenye mashini ya mjukuu wangu, inakatakata kuliko ya kwangu ambayo ni nzee zaidi.

#17 · Mwalimu wa Kamalondo

Pole sana mama. Saa moja na dakika ishirini ya koti, najua inavyouma.

Kuhusu faili kutofunguka: bila shaka unarekodi kwa MP4 ya kawaida. Faili ya MP4 inaandika orodha yake ya fremu mwishoni kabisa, unapobonyeza kusimamisha. Umeme ukikatika kabla ya hapo, picha zote zimo lakini hakuna orodha ya kuzisoma, ni kama kitabu kilichomwagwa kurasa bila namba. Ingia kwenye mipangilio ya kurekodi, badili aina ya faili iwe MKV. MKV inajiandika njiani. Umeme ukikatika dakika ya 80, dakika 80 zako zipo, labda unakosa sekunde chache za mwisho. Ukimaliza, kwenye menyu ya faili kuna kazi ya kuigeuza MKV kuwa MP4. Haisimbi upya, inahamisha tu, faili ya saa nzima inachukua muda mfupi na ubora haupungui hata chembe.

Mama, hilo lifanye leo kabla ya kazi nyingine.

Kuhusu betri, mashini nyingi zikiwa kwenye betri zinajipunguza ili zidumu. Kwenye Windows 10, bonyeza alama ya betri chini kulia, usogeze hadi utendaji bora. Itakula betri haraka lakini itarekodi sawa. Na usipige fremu 60 kwa patroni. Mkono wa mtu anayechora mstari unaonekana laini kwa 30.

#18 · Mama wa Vitenge

Nimeweka MKV. Mjukuu amenisaidia. Nitaleta habari.

#19 · Anayeuza Ramu, Kampemba

Wakubwa, mbona hamsemi ukweli? Mashini ya ramu 4 au 8 haiwezi kurekodi. Wekeni ramu mambo yaishe. Kila anayekuja kwangu anaongeza ramu na anaondoka anacheka.

#20 · Fundi wa Bel-Air

Ndugu, nauheshimu mkate wako, lakini ramu inaponya ugonjwa wake, haiponyi wa mwenzake. Mwalimu yuko kwenye GB 8 na anapata 0.0%.

Nisiseme haina kazi. Kwa mwenye GB 4, kivinjari kikifunguka pamoja na OBS, Windows inaanza kumwaga vitu kwenye diski, na kama diski ni ile ya kuzunguka, kila kitu kinasimama, rekodi pia. Huyo aongeze, namwambia mwenyewe.

Kuna na jambo jingine ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Chipu ya picha ya Intel haina ramu yake, inaazima ya mashini. Kijiti kimoja cha ramu aina ya DDR4 ya 2133 kinapitisha kama GB 17 kwa sekunde. Vijiti viwili vinavyofanana, kila kimoja kwenye nafasi yake, vinafungua njia mbili, GB 34. Kwa anayerekodi mchezo au michoro mizito, GB 4 mbili zinaweza kumfaa kuliko GB 8 moja. Kwa hiyo mtu akija kwako na nafasi moja tupu, muulize ana nini tayari kabla hujamuuzia.

#21 · Anayeuza Ramu, Kampemba

Hilo la vijiti viwili nakubali, nimeliona kwa wateja. La kuuliza kwanza pia nakubali. Nitawafungulia hizo takwimu dukani.

#22 · Msomaji wa UNILU

Na diski? Nilisoma mahali kwamba ni lazima SSD, ile isiyozunguka. (Mimi ni wa UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi.)

#23 · Mwalimu wa Kamalondo

Tupige hesabu, ndiyo kazi yangu. Rekodi ya kilobiti 6,000 kwa sekunde ni megabaiti 0.75 kwa sekunde. Dakika moja ni MB 45, saa moja ni GB 2.7. Hata diski ya zamani ya kuzunguka inaandika makumi ya megabaiti kwa sekunde. Kwa hiyo siyo kasi ya kuandika inayokuua, isipokuwa unarekodi moja kwa moja kwenye flashi dhaifu, ambazo zina tabia ya kusimama ghafla sekunde mbili tatu. SSD itafanya mashini nzima iwe nyepesi, na kwa mwenye ramu ndogo itapunguza ule msongamano aliousema fundi. Lakini usiinunue kwa ajili ya fremu peke yake kama takwimu zako zinasema tatizo ni kusimba.

#24 · Msomaji wa UNILU

Nimeelewa. Na mimi OBS inanionyesha skrini nyeusi tupu. Laptopu ina chipu mbili, Intel na NVIDIA.

#25 · Fundi wa Bel-Air

OBS imekaa kwenye NVIDIA, skrini inaendeshwa na Intel. Hawaonani. Windows 10, mipangilio, mfumo, onyesho, picha, ongeza OBS, chagua kuokoa nishati. Ifunge, ifungue tena.

#26 · Kijana wa Ruashi

Nimerudi! Draiva imeingia, QuickSync imetokea. Kusimba kulikuwa 64%, sasa 0.2%. Ila bado kuna kitu. Narekodi tovuti moja ya michoro inayotembea, takwimu zote safi, mwendo bado siyo laini.

#27 · Mwalimu wa Kamalondo

Itazame hiyo tovuti kwa macho bila kurekodi. Ni laini?

#28 · Kijana wa Ruashi

...Hapana, mwalimu. Hata bila kurekodi inakatakata.

#29 · Mwalimu wa Kamalondo

OBS inapiga picha ya kile kilichopo. Tovuti ikichora mara 15 kwa sekunde, OBS ya 30 itaandika kila picha mara mbili, na takwimu zitakuwa safi kwa sababu OBS haijakosa kitu. Funga madirisha mengine ya kivinjari, hakikisha kivinjari kimeruhusiwa kutumia chipu ya picha, sasa kwa vile draiva ipo. Mimi kwenye GeoGebra niliondoa gridi ndogo na nyayo zilizoachwa na nukta, mchoro ukawa mwepesi hata kabla ya kuwasha OBS.

Na zima lile dirisha la kujiangalia ndani ya OBS ukishaanza. Bonyeza juu yake kitufe cha kulia, utaona pa kuzima. Nalo linachorwa bure.

#30 · Mama wa Vitenge

Wanangu, nimerudi na habari mbili.

Ya kwanza: jana saa tatu usiku umeme umekatika nikiwa katikati ya mkono wa koti. Asubuhi nimefungua ile MKV, ipo yote hadi pale mshale wa panya ulipokuwa. Nimekaa nikaitazama nikashukuru.

Ya pili: mashini ya mjukuu bado ni nzito hata ikiwa kwenye umeme, na hiyo ni mpya kuliko yangu. Feni yake safi, tumeangalia. Joto nyuzi 50 tu. Mwendo hauvuki 0.8. Inapowaka inaandika maneno kuhusu chaja, tunabonyeza inaendelea.

#31 · Fundi wa Bel-Air

Mama, ni Dell?

#32 · Mama wa Vitenge

Ndiyo, Dell. Chaja ya kwanza iliungua, tukanunua nyingine sokoni.

#33 · Fundi wa Bel-Air

Ndani ya kichwa cha chaja ya Dell kuna sindano nyembamba katikati. Hiyo haibebi umeme wa kazi, inaieleza mashini kwamba hii ni chaja ya wati ngapi. Ya kuigiza mara nyingi haisemi kitu, au sindano imepinda. Mashini isipopata jibu inaogopa kuvuta umeme mwingi, inaifunga prosesa chini, na mara nyingi betri nayo haichajiwi. Ndiyo maana mnaona baridi na uzito kwa pamoja: joto 50, mwendo 0.8. Ingekuwa vumbi, joto lingekuwa juu.

Mje nayo Bel-Air Jumamosi, mama. Nina chaja yenye sindano nzima, tuchomeke tuone kabla hamjanunua.

#34 · Mama wa Vitenge

Tulikwenda. Aliichomeka tu, bila kufungua skrubu hata moja, na yale maneno hayakutokea. Mwendo 2.7. Tumerekodi patroni ya kola hapo hapo mezani kwake, dakika sita: kuchora 0.0%, kusimba 0.0%. Chaja nimeichukua. Mwalimu, koti lile nimelirekodi upya, mkono hadi mkono. Wasichana wanne wameanza kulikata leo.